Ligi ya mbio za baridi: namna inavyoendeshwa, na kura tunayowaomba

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano mkuu wa chama, Lubumbashi. Tumeyaacha karibu yote namna yalivyotoka kinywani.)



Mkutano uliopita, mama mmoja alisimama kule nyuma akauliza: "Batoto wanataka mpira, ninyi mnatuletea mbio. Mbio ya nini? Nani anawafukuza?" Watu walicheka, na sisi pia tulicheka. Saa ilikuwa imekwisha, komite ikasema jibu litakuja leo. Njo tuko hapa.

Kuna na jambo la pili, na hilo litaombwa kura kabla hatujaenda kwenye chakula. Rafiki mmoja wa chama ametoa feza kwa ajili ya mbio za vijana. Tunamshukuru sana. Ameomba feza hiyo iwe zawadi ya mshindi wa kwanza, bahasha mkononi, mbele ya watu wote. Sisi tunawaomba mkatae. Feza tuipokee kama yeye mwenyewe atakubali, lakini bahasha hapana. Sababu yake haiwezi kueleweka kama hamjui ligi yenyewe ni kitu gani, kwa hiyo tuvumilieni kidogo.

Sisi tunaosema hapa ni watu watano tuliorudi toka Newcastle, Gateshead na Middlesbrough, kaskazini-mashariki ya Uingereza. Hakuna kati yetu aliyechagua kukaa kule. Sheria yao ya 1999 iliruhusu serikali iwapeleke waomba hifadhi mbali na London, miji mingine ambako nyumba zilipatikana, na wengine wetu tuliona jina la Gateshead mara ya kwanza juu ya karatasi ya safari. Dosye inangoja. Kazi umekatazwa. Posho ya wiki unaihesabu mara mbili na haiongezeki. Siku inakuwa ndefu kama barabara ya Kasumbalesa wakati malori yamefunga njia. Mtu akikuambia katika hali hiyo kwamba iko kilabu ya mbio inakutana jioni mbili kwa wiki, na ada inaweza kungoja, unaenda. Tulienda. Sheria ilikuwa imetukataza kazi, lakini mbio haikutajwa fasi yoyote.

Kwanza jina, juu ya jina lilitushangaza. Kilabu nyingi za kule zinajiita Harriers. Harrier ni mbwa wa kuwinda sungura. Karne ya 19 wanafunzi wa shule za matajiri walikuwa na mchezo wao: wawili ao watatu wanatangulia porini wakitupa vipande vya karatasi, hao ni sungura, wengine wanafuata karatasi, hao ni mbwa. Mchezo ukatoka shuleni ukaingia kwa watu wazima. Mwaka 1868 wapiga makasia wa mto Thames walianzisha kilabu ili wasipoteze nguvu wakati wa baridi, wakati mashua zimelala. Iliitwa Thames Hare and Hounds, na iko hai mpaka leo. Kwa hiyo mama aliyeuliza nani anawafukuza aliuliza vizuri kabisa kuliko alivyofikiri: ni mbwa, na mbwa ni wao wenyewe.

Hapo pia njo mnapata jibu la kwa nini baridi. Wakati wa joto mkimbiaji wa kule ana uwanja wenye mistari na saa, anapima sekunde zake. Baridi ikiingia, uwanja hauna raha, mashamba yamevunwa, ardhi imelowa. Basi wanatoka nje ya uwanja. Katika mbio za nyika, zile tunazoziita hapa kros, saa haina maana kubwa. Njia ya leo ina mlima, ya wiki ijayo ina mchanga, nani atalinganisha dakika? Kinachoandikwa ni nafasi yako tu: umefika wa ngapi. Jambo hilo kamateni, tutalirudilia.

Ligi yetu ya kule inaitwa North East Harrier League. Inaanza mwisho wa mwezi wa tisa na inaisha mwezi wa tatu. Mbio moja, halafu wiki kadhaa za kupumua, halafu ingine, na kila mara fasi mpya. Kuna Wrekenton, pale pale Gateshead, ambako ni kupanda na kupanda tena mpaka unasahau jina la baba yako. Kuna Druridge Bay kando ya bahari, na upepo wake. Kuna Aykley Heads pale Durham, Gosforth Park, Alnwick. Batoto wanakimbia mbele, mbio fupi kwa umri wao. Halafu wanawake, karibu kilometa 6. Halafu wanaume, karibu 10. Mwezi wa kumi na mbili jua la kule linazama kabla ya saa 16h00, kwa hiyo yote hayo yanapangwa kwa haraka, na wa mwisho wanafika wakati watu wanaanza kukunja mahema.

Na matope! Hapa kwetu tunajua matope ya mwezi wa kwanza, lakini ya kwetu yana joto. Matope ya kule yanaingia kwenye kiatu kama barafu iliyosagwa. Viatu vina misumari chini, na bado unateleza. Mmoja wetu aliacha kiatu kimoja ndani ya matope pale Alnwick akamaliza na soksi. Kilabu ilimpigia makofi kuliko aliyeshinda.

Sasa tuje kwenye mahesabu.

Siku ya mbio, kila mtu anavaa jezi ya kilabu yake. Hii ni lazima. Ana namba kifuani. Anakimbia, anafika, nafasi yake inaandikwa. Akifika wa 1, kilabu yake inapata pointi 1. Akifika wa 212, inapata 212. Katika ligi ile wanachukua wanaume 6 wa kwanza wa kila kilabu, na wanawake 4 wa kwanza, wanajumlisha nafasi zao. Kilabu yenye jumla ndogo njo imeshinda siku ile. Siku zote za mwaka zinajumlishwa, na kilabu ziko katika daraja: ya juu wakishika mkia wanashuka, ya chini wakiongoza wanapanda, sawa na mpira.

Chukueni karatasi, tuhesabu pamoja. Timu ya kwanza iko na vijana watatu moto kabisa: wanafika wa 1, wa 2 na wa 3. Lakini nyuma yao kilabu ni tupu. Wanaofuata wanafika wa 40, wa 55 na wa 70. Jumla yao ni 171. Timu ya pili haina hata mtu mmoja kwenye kumi bora. Watu wake wanafika wa 14, wa 17, wa 20, wa 22, wa 25 na wa 31. Jumla 129. Timu ya pili imeshinda, na imeshinda mbali. Wale watatu wa mbele wanaweza kupigwa picha, lakini kilabu yao imeshindwa.

Sasa angalieni yule wa sita, wa 31. Huyo ni nani? Kwa kawaida ni baba wa watu, ana kazi yake ao hana, anakohoa kidogo. Mbele yake ameona mgongo wa mtu mwenye jezi ingine. Akimpita, timu yake inapunguza pointi moja na timu ya yule inaongeza moja. Pointi hiyo ni sawasawa na pointi ambayo wa pili angepata kwa kumpita wa kwanza. Ina uzito ule ule. Kule nyuma mbio ni kali kuliko mbele, tunawaambia kweli. Mbele watu wamejipanga tayari, kila mtu anajua nguvu yake. Katikati, fasi ya mita ishirini unaweza kupita watu kumi ao kupitwa na kumi.

Na wa saba? Yeye hahesabiwi. Lakini nafasi yake inabaki kwenye orodha. Akitangulia wa sita wa timu ingine, amemsukuma nyuma. Tena kama wa sita wetu amevunjika mguu njiani, wa saba anakuwa wa sita. Hapo hakuna mtu wa bure. Hesabu sio ya ligi ile tu. Kule Surrey, kusini ya London, wanaume wanaohesabiwa ni 10, na mnaweza kufikiri kilabu inavyotafuta mtu wa kumi siku ya mvua, inapiga simu kwa kila mwenye miguu miwili.

Njo maana walitutafuta sisi. Tusijidanganye kwamba ilikuwa huruma tupu. Kilabu ilikosa wa tano na wa sita. Tulipofika, hawakutuuliza dosye iko wapi, walituuliza kama Jumamosi tuko huru. Tulikuwa huru Jumamosi zote.

Watu wengi wakiona Mwafrika mwembamba wanafikiri Kenya, wanasogea pembeni apite. Tuliwaeleza kwamba ndiyo, kwetu Lubumbashi kuna komini inaitwa Kenya, lakini haikuzaa John Ngugi. Kenya yenyewe, ile ya kweli, timu yake ya wanaume ilishinda mbio za nyika za dunia miaka 18 mfululizo, kuanzia 1986 mpaka 2003. Ngugi alishinda yeye mwenyewe mara 5, Paul Tergat naye mara 5. Lakini mtu mmoja hawezi kuleta kombe la timu miaka 18, hata awe nani. Nyuma ya Ngugi walikuwa wengine, na nyuma ya hao wengine tena.

Tuje kwa jambo ambalo tulilipenda kuliko yote, na ambalo ligi nyingi hazina. North East Harrier League inaanzisha watu kwa makundi matatu: wa polepole, wa katikati, wa kasi. Mgeni anaanza na wa polepole, hata akijisifu namna gani. Wa polepole wanaachiwa kwanza. Dakika kadhaa zinapita, wa katikati wanaachiwa. Dakika zingine, wa kasi. Wote wako kwenye njia moja, na anayevuka mstari kwanza njo wa kwanza, bila kutoa dakika kwa mtu. Mtu wa kundi la polepole akifika kati ya wale wa mbele kabisa, siku ingine anapandishwa kundi la katikati. Akifanya vile tena, anapanda kwa wa kasi. Mnaona akili yake? Mwenye nguvu anapewa mzigo wa dakika, anawafukuza wengine wote, na mwenye miguu ya uzee anatangulia na moyo unamdunda akisikia kishindo nyuma. Yule anayepita watu mia tatu njia nzima amefurahi. Yule anayepitwa anaambiwa "kaza, kaza" na kila anayempita. Na nafasi hazitolewi kwa jina la mtu, kwa sababu wa kasi akilala njiani anaweza kufika nyuma ya mzee.

Kundi hilo la polepole linaponya na ugonjwa mwingine, ule wa kuanza kama risasi. Mliokuwa na televizyo mwaka 2017 mnakumbuka Kampala, mbio za nyika za dunia zilipokuja kwa jirani zetu. Joshua Cheptegei, mtoto wa Uganda, aliongoza mbele ya watu wake, uwanja mzima unaimba. Mzunguko wa mwisho nguvu zikaisha, miguu ikakataa, Geoffrey Kamworor wa Kenya akampita, na wengine, na wengine. Alifika wa 30. Kama mkimbiaji wa namna ile anaweza kuishiwa, vijana wetu wa Katuba na Kamalondo watafanya nini wakiona bahasha ya feza mwisho wa njia?

Sasa kazi. Hapa wafadhili wetu wasikilize vizuri, kwa sababu ligi ya namna hii inakula kazi za watu kuliko feza. Kule kila kilabu inalipa ada ya mwaka, mkimbiaji naye anajiandikisha na kulipa kidogo kila mwaka. Waamuzi, wenye saa, wenye kusimama kwenye kona na bendera, wote ni watu wa kilabu, bila mshahara. Kilabu zinapeana zamu, na hiyo sisi tuliita salongo. Wenyeji wa siku ile wanapima njia, wanapanda vigingi, wanafunga kamba, wanatafuta shamba la mtu na kumwomba, wanaleta vyoo, wanaita watu wa huduma ya kwanza. Mwisho wa njia kuna kijia chembamba cha kamba, watu wanaingia mmoja mmoja, hakuna kupitana tena, na namba zinaandikwa kwa mfululizo. Pembeni mama fulani anauza keki na chai, na keki ile njo inalipa kamba ya mwaka ujao.

Msifikiri kona ni kazi ya kitoto. Mwaka 1876 Waingereza walitaka kufanya mbio zao za kwanza za nyika za taifa zima, katika msitu wa Epping karibu na London. Wakimbiaji wote walipotea. Wote! Mbio zikafutwa, wakangoja mpaka 1877. Mtu anayesimama kwenye kona na bendera saa mbili bila kukimbia, bila kuonekana, njo anafanya mbio ziwe mbio. Kule tulisimama kwenye kona mara nyingi, na mmoja wetu, ambaye goti lake lilikataa, alifanya bendera miaka miwili na jina lake lilisomwa kwenye karamu ya mwisho wa mwaka pamoja na washindi.

Ligi ile haiko paradiso, tuseme vile vile. Umbali wa wanawake kuwa mfupi unagombanisha watu mpaka leo. Wengine wanasema ni desturi, wengine wanasema desturi gani. Pale Kampala 2017 wanawake na wanaume wote walikimbia kilometa 10, na dunia haikuanguka. Tena, kufika kwenye mbio kunahitaji gari. Mashamba yale hayana basi Jumamosi. Kama dereva wa kilabu hakukumbuka kukupitia, umebaki nyumbani na jezi yako. Na viatu vya misumari ni ghali. Sisi tulivaa vya watu waliostaafu.

Haya. Sasa Lubumbashi.

Mnajua hali ya batoto waliorudi nasi. Wengine wana miaka kumi na tano, Kingereza chao ni safi, Kifaransa kinawatesa, wamewekwa darasani na wadogo zao. Kwenye kartye wanaitwa "Bangereza". Jioni wanabaki ndani ya parsele na telefone. Upande mwingine, vijana wa kartye wanaona chama chetu kama duka la watu wa Bulaya, fasi ya kuomba, si fasi ya kuingia. Mpira upo, na utaendelea, hakuna anayeugusa. Lakini mpira unataka kumi na mmoja wanaojua, na wengine wakae kwenye mawe watazame. Mtoto aliyerudi na hajui kupiga mpira anakaa kwenye mawe. Msichana anakaa kwenye mawe. Baba wa miaka hamsini mwenye sukari, ambaye daktari amemwambia atembee, anakaa kwenye mawe na kupiga kelele.

Tunachopendekeza ni ligi ndogo ya timu sita, kila moja na kartye yake, wala kusiwe na hata timu moja ya "waliorudi". Waliorudi wagawanywe. Kwa kila timu tutahesabu wanaume 4 na wanawake 4, mbio mbili mbali mbali lakini umbali mmoja, kilometa 5, na jumla moja. Timu isiyotimiza wanawake wanne haitahesabiwa siku ile. Tunajua hapo baba fulani watakunja uso. Wakunje. Wakitaka ushindi watawaambia mabinti zao wavae viatu.

Wakati wake ni baridi yetu, kuanzia mwezi wa saba shule zikifunga na Exetat ikipita, mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Jumamosi moja ndiyo, moja hapana, mbio nne kwa jumla. Mvua hakuna, radi hakuna, na wale mnaojua radi za Katanga mnajua kwa nini tunaitaja. Vumbi litakuwapo. Tuanze saa 7h00 asubuhi, baridi ingali kwenye majani. Juu ya saa hatutaki mchezo: mwaka 1924, kwenye Olimpiki ya Paris, mbio za nyika zilifanywa mwezi wa saba katika joto kali la mchana. Walianza 38, wakamaliza 15, wengine wakibebwa, na baada ya hapo mchezo huo ukaondolewa kwenye Olimpiki. Paavo Nurmi alishinda kama kawaida yake, lakini sisi hatuna Nurmi, tuko na batoto wa watu.

Njia tumeziangalia upande wa Kipopo na upande wa Kasapa. Kuna miombo, kuna vichuguu virefu kuliko nyumba, vya kuzunguka kama kona, uzuri ambao Waingereza hawana. Shida ni moto. Mwezi wa nane watu wanachoma majani kila fasi, na mkimbiaji hawezi kuvuta moshi kilometa tano. Kwa hiyo kabla ya kila mbio tutaenda kuonana na chifu na wenye mashamba, tuombe ruhusa na tujue wapi pamechomwa tayari. Pale palipoungua mapema ni pazuri, njia inaonekana na nyoka hana pa kujificha.

Makundi matatu ya kuanza tutayachukua namna yalivyo. Mbio ya kwanza wote waanze pamoja, ili tujue nani ni nani. Kuanzia ya pili, wa polepole watangulie, wa katikati dakika mbili nyuma yao, wa kasi dakika mbili tena. Wazee wetu, hapo mna nafasi ya kuwaongoza wajukuu zenu angalau kilometa moja.

Tumefika kwenye bahasha.

Mkiweka feza kwa mshindi wa kwanza, hesabu yote tuliyowaeleza inakufa siku hiyo hiyo. Atakuja kijana mwenye mazoezi kutoka fasi ingine, atavaa jezi yoyote, atachukua, ataenda. Hatumlaumu, njaa iko. Lakini wa sita, yule anayekohoa, atajua kwamba nafasi yake haina bei. Wa saba hatakuja kabisa. Na wasichana wetu watauliza kama bahasha yao itakuwa na uzito ule ule, na tutaanza kugombana juu ya feza kabla hatujakimbia hata mita moja. Wale mlio kwenye likelemba mnajua: anayepokea mwezi huu si bora kuliko anayepokea mwezi wa kumi, na kama mmoja akianza kupata zaidi, likelemba imekwisha, watu wanaacha kuleta.

Feza ile ile inaweza kufanya haya: maji ya kunywa kwa mbio zote nne, sanduku la dawa na muuguzi mmoja wa kukaa pale mpaka wa mwisho afike, kamba, vigingi na namba za kitambaa, zifuliwe na kutumiwa miaka, na usafiri, hasa usafiri, taxi-bus mbili za kuzunguka kartye asubuhi na kurudisha watu. Viatu havimo kwenye orodha yetu. Batoto wengi wana viatu vya mpira, vinatosha kwenye vumbi. Mwenye kukimbia miguu chini asizuiwe, ila tutasafisha miba kwenye njia. Kama kitabaki kitu, mwisho wa mwezi wa nane tupike bukari na samaki kwa timu zote sita pamoja na watu wa bendera, na majina yasomwe yote, kuanzia wa mwisho.

Rafiki yetu aliyetoa feza amesomewa barua yenye maneno haya haya kwa telefone. Amejibu kwamba atangoja uamuzi wa mkutano, na kwamba angependa kombe angalau moja liwepo. Kombe tunakubali. Litakuwa la timu, litalala mwaka mzima kwenye kartye iliyoshinda, halafu litatoka.

Kura itapigwa kwa kuinua mkono, mara tatu. Ya kwanza: je, bahasha ya mshindi iondolewe na feza iende kwa maji, dawa, kamba na usafiri? Ya pili: je, tuhesabu wanne na wanne, wanaume na wanawake, umbali mmoja? Ya tatu: je, kila familia ya chama itoe mtu mmoja wa salongo kwa mbio moja kati ya nne, mwenye miguu mizima ao mbovu, mradi anaweza kushika bendera? Sekreteri ataandika majina ya salongo leo leo, kitabu kiko kwenye meza karibu na mlango. Mama aliyeuliza nani anawafukuza, jina lake tumeliacha wazi kwenye mstari wa kwanza, kona ya Kipopo, pale penye kichuguu kikubwa.

Tunangoja mikono.